Mkoba Niliouficha kwa Utani

Wajukuu zangu, mlionisoma juma lililopita mnajua niliishia wapi: jikoni, mwiko mkononi, nimekubali kuwapikia wageni wa mkutano ambao hata jina lake lilikuwa linanishinda kutamka. Ambaye hakusoma asihangaike. Nitampitisha upesi, maana leo nina jambo kifuani, na nikijivutavuta aibu itanizidi nisilitoe.

Mimi ni Efrazia wa Kwamndolwa, hapa Korogwe. Baba yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, akafia hukuhuku. Mimi nikazaliwa kambini, nikasoma mpaka darasa la nne, basi. Angel ni mtoto wa binti yangu, nimemlea kwa mikono hii. Alikwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, akarudi na habari ya mkutano.

Ilikuwa miaka ile mashamba ya mkonge yanapata wamiliki wapya, simu za mkononi zimeanza kulia sokoni, na kila mwenye ua anaota kujenga gesti. Jirani yangu Paulina alikuwa ameshaijenga yake, tena ina ukumbi. Mkutano ukapangwa pale.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa watu wanaochora picha za kwenye intaneti. Angel alinieleza mara nyingi mpaka nikapata. Picha ya kawaida, alisema, ukiivuta iwe kubwa inakuwa vidoti vidoti. Ya kwao haiwi hivyo, kwa sababu hawatumi picha. Wanatuma maelezo ya kuichora.

"Basi ni kama mkeka," nikamwambia. "Simpi mwenzangu mkeka, nampa mpango wake. Ruka miwili, lalia mmoja. Yeye atasuka wa kitanda au wa kujaza msikiti, shauri yake."

"Ndiyo hiyo, bibi! Na mpango wenyewe hauna mwenyewe. Ni kanuni huria. Kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuitumia, hakuna wa kumwomba ruhusa."

Mwenyekiti wa maandalizi alikuwa Mhina, Mzigua wa Handeni, mwalimu wa kompyuta aliyesomea Ujerumani. Ndiye aliyewabembeleza wenzake wa nje waje huku badala ya kukutana kwenye hoteli za lifti. Alitaka waone intaneti yetu inavyojikokota, ili waelewe kwa nini mchoro mwepesi ni jambo la maana kwa watu. Na cha kuwaonyesha kilikuwa ramani ya visima na mabomba ya maji ya Handeni, aliyoichora Angel kwa miezi mingi.

Sasa, Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Wazee wetu wameutoa utani huo kwenye misafara ya wapagazi, na mtani hakasirikiwi. Mtani wako akiwa na shughuli, iwe harusi, iwe msiba, unamkamatia kitu chake unakificha, na hakioni mpaka akukomboe kwa jogoo. Watu wanacheka, shughuli inachangamka.

Mhina na mimi tulianza siku ya kwanza alipoingia jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeoga leo, au unasubiri umande kama kwenu Handeni?"

"Nimeoga, mtani. Nilipoona mizigo mlangoni nikasema, leo Mnyamwezi hatalala, lazima abebe."

"Ngoja. Nitakukamatia kitu chako ulie mbele ya Wazungu wako."

"Mimi? Hunipati. Jogoo wangu atakufa kwa uzee."

Mngeniona nilivyocheka. Neno lile "hunipati" likaniingia kama pilipili.

Wageni walipofika tulipendana. Chakula cha kwanza nilichowapa kilikuwa wali na kabichi za Bungu, kule milimani, na baada ya kula nikawategea.

"Kitendawili!"

Angel akawafundisha kujibu. "Tega!" wakapiga kelele wote, Mjapani, Mkanada, na mama mmoja Mjerumani mrefu kuliko mlango.

"Akishiba husimama. Akiwa na njaa hulala."

"Mtoto?" akauliza Mjerumani.

"Mtoto akishiba ndiyo analala, mama."

"Ng'ombe?"

"Umeshindwa. Nipe mji."

Angel akamweleza kwamba anayeshindwa lazima atoe mji. Mama wa watu akawaza, akanipa Berlini yote. Nikaipokea, nikasema nimekwenda Berlini, nimekaa, nimekula, nimerudi, na jibu ni gunia. Likijaa husimama, likiwa tupu hulala chini. Walicheka mpaka Mjapani akavua miwani.

Nawaambia haya ili mjue nilikuwa napendwa. Aibu ya mtu asiyependwa ni ndogo.

Siku ya kuamkia ufunguzi, jua likiwa bado juu, Mhina alikwenda kuoga. Mlango wa ofisi akauacha wazi. Mimi napita na beseni la mchele, naona mkoba wake mweusi juu ya meza, umekaa kama unaniita.

Nilijua ni mkoba wa Mhina. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mkutano wote ulikuwa ndani yake: kompyuta, CD za hotuba za kila mgeni, na ramani ya Angel.

Nikauweka chini ya khanga, nikatoka.

Kwenye mlango wa nyuma alikuwepo Lemayian, mlinzi, Mmasai wa kule tambarare za Handeni. Kijana mpole, mkewe Nairesiae alikuwa amejifungua juzijuzi. Yeye aliniita koko, yaani bibi kwa lugha yao.

"Koko, umebeba nini? Unatembea kama kuku anayetaka kutaga."

"Nyamaza wewe. Huu ni mkoba wa Mhina. Ni mtani wangu, namfichia anipe jogoo."

"Akiniuliza?"

"Usimwambie. Hata akija na bunduki. Mpaka nitakapoutoa mwenyewe."

Akacheka. "Haya. Neno lako, koko."

Nyuma ya jiko kulikuwa na rundo la magunia matupu ya mkaa. Nikafunua moja la katikati, nikaingiza mkoba, nikalilaza pamoja na wenzake. Nikarudi kuchambua mchele, nafsi inaniambia, Efrazia, wewe ni kiboko.

Nilipanga niutoe saa ya chai ya jioni, wageni wote wakiwepo.

Kabla ya chai nikasikia Mhina anapiga kelele. "Mkoba! Nani kaona mkoba wangu?" Nikamsikia anafungua makabati, anasukuma viti. Nikamwacha atokwe jasho kidogo. Ndiyo raha ya utani. Nikajifuta mikono, nikaenda nyuma kuuchukua.

Ardhi tupu. Vumbi jeusi la mkaa na alama za matairi.

"Paulina!" nikaita. "Magunia yako wapi?"

"Matupu? Si Sadala kayachukua sasa hivi. Anawahi Handeni kabla giza halijaingia."

Sadala ndiye aliyekuwa anatuletea mkaa. Anashusha yaliyojaa, anaondoka na matupu. Ndivyo siku zote, na mimi najua, na nilikuwa nimesahau kama mtu asiye na kichwa.

Nikakimbia mpaka barabarani na miguu hii. Pikapu imeshakwenda. Nikaingia kwenye kibanda cha simu, nikampa binti wa pale namba ya Sadala.

"Haipatikani, bibi."

"Piga tena."

"Bibi, huko njiani hakuna mtandao. Haipatikani."

Nikarudi na nia moja: niseme. Haki ya Mungu nilikuwa nimedhamiria. Lakini nilipoingia getini nikakuta askari wamekwisha fika. Paulina ndiye aliyewaita.

"Gesti yangu haina wezi!" alikuwa anafoka. "Ofisi ina mlango mmoja na unatazamana na wa nyuma. Wa nyuma una mlinzi. Aulizwe mlinzi!"

Wageni wamesimama barazani wanatazama. Mjerumani kashika kifua.

"Wewe," askari akamwambia Lemayian. "Nani kaingia ofisini?"

Lemayian akanitazama. Jicho moja tu, la haraka. Alikuwa anasubiri niseme, nicheke, nidai jogoo wangu.

"Sikuona mwizi," akasema.

"Sijakuuliza mwizi. Nani kapita hapa?"

Lemayian akaitazama fimbo yake.

"Mnaona? Anamjua!" Paulina akadakia.

Nikafungua mdomo. Na wakati huohuo Angel akanikumbatia, analia, machozi yake yanaingia shingoni kwangu.

"Miezi yote ile, bibi. Kila kisima nimekwenda kwa miguu. Aliyefanya hivi sitamsamehe mpaka naingia kaburini."

Mdomo ukajifunga wenyewe.

Wakamchukua Lemayian. Fimbo yake wakaiacha imeegemea mlango. Mimi nikarudi jikoni nikapika wali, na nikajiambia Sadala atarudi kesho na mkaa, mkoba utaonekana, na yote yatakuwa kicheko. Nilijiambia hivyo huku nikitia chumvi mara mbili. Wageni walikula, hakuna aliyelalamika. Heshima yao ndiyo iliyoniumiza.

Asubuhi Sadala hakuja.

Mkutano ukafunguliwa hivyohivyo. Mhina kasimama mbele, macho mekundu, anaomba radhi kwamba hotuba zimepotea na ramani haipo. Angel kakaa kiti cha nyuma kabisa kama mtu aliyefiwa. Mimi niko mlangoni na birika la chai.

Mjerumani akanyoosha mkono. Akasema neno, Angel akainua kichwa. Akasema jingine, Angel akasimama.

"Anasemaje?" nikamnong'oneza Paulina.

"Sijui. Ila Angel anacheka."

Baadaye niliambiwa. Mama yule alisema, "Lakini ramani mimi ninayo. Angel, si ulitutumia sote ule wakati ulipokwama na mstari wa bomba? Uliomba tukusaidie. Kila mmoja wetu anayo." Na Mjapani naye akasema anayo. Na hotuba, kila mgeni akachungulia kwenye kompyuta yake, akakuta nakala ya ile aliyomtumia Mhina.

Ndiyo maana ya kile kitu chao, wajukuu zangu. Hawakuwa na la kuficha, kwa hiyo hawakuwa na la kupoteza.

Ramani ikawekwa ukutani kwa projekta. Angel akakivuta kisima kimoja mpaka kikajaa ukuta mzima, na mstari wake umenyooka kama ulivyokuwa mdogo. Akawaonyesha na maneno yaliyoichora, mstari kwa mstari, kila mtu asome. Makofi yakapigwa mpaka njiwa wa kwenye paa wakaruka.

Mhina akanifuata mlangoni, akanishika mkono, akanipeleka mbele. "Na huyu ni mtani wangu anayetulisha. Hata tulipopata msiba wa mkoba, hakutuacha na njaa."

Makofi tena. Kwangu mimi. Nikainama, na wakadhani naona haya ya kizee.

Tulipotoka nikamvuta pembeni.

"Mhina. Na Lemayian?"

"Nani? Aa, mlinzi. Polisi wanajua kazi yao, mtani. Leo tufurahi."

"Lakini kazi imekwenda vizuri. Si umwachie?"

"Siyo mimi niliyemkamata. Na kompyuta ile ni ya shirika, siwezi kusema haijaibiwa."

Mnaona nilivyobanwa? Mpaka jana yake nilikuwa na kisingizio: nikisema, mkutano wa Angel utakufa. Sasa mkutano uko hai, unacheza ngoma. Aliyebaki kwenye shimo ni Lemayian peke yake, na aliyekuwa anamtafuta ni nani? Hakuna.

Alikuwepo mmoja. Alikuja mchana uleule mlango wa jikoni, mtoto mgongoni, vumbi la Handeni mpaka kwenye nyusi. Nairesiae. Akainamisha kichwa nimguse, kama mtoto kwa mkubwa wake. Nikamgusa.

"Koko, wanasema mume wangu ni mwizi."

"Nimesikia, mwanangu."

"Yeye anakusifu sana wewe. Nyumbani ni koko Efrazia hivi, koko Efrazia vile. Twende ukawaambie. Wewe ni mtu mzima, watakuamini."

Nikafunga wali na maharage kwenye bakuli, tukaenda kituoni. Wakamleta Lemayian kaunta ale. Shuka lake limelowa chini.

Nairesiae alipokwenda kumbembeleza mtoto nje, nikamsogelea.

"Mwanangu, mkoba ulikuwa kwenye magunia, Sadala akaondoka nayo. Sasa hivi nawaambia hawa ni mimi."

Akatafuna polepole. "Usiseme, koko."

"Nisiseme vipi?"

"Kule ndani hakuna pa kukaa. Sakafu ina maji. Wewe una kifua, ukilala humo hutoki. Mimi nimelala porini na fisi. Sadala atarudi, mkoba utaonekana, nitatoka."

"Na jina lako?"

"Jina langu linajulikana kwetu. Nenda kapike."

Ningekuwa mtu, ningekataa. Nilishukuru! Nilimshika mkono nikamwambia Mungu akubariki, mwanangu, nikatoka nje nikamwambia Nairesiae subira, subira. Na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Hapo ndipo ninapoona haya kuliko pote. Kuficha mkoba ni utani, hata mkinicheka. Ule wepesi wa moyo haukuwa utani.

Kesho yake nikaaga jikoni kwamba nakwenda Handeni kununua kuku, maana kuku wa Korogwe ni ghali. Nikapanda basi la alfajiri, nikafika kwa Sadala jua limeshakuwa kali. Nikamkuta mkewe, Amne, anaanika mihogo.

"Karibu, mama. Sadala hayupo. Ameingia porini na magunia, anawagawia wachoma mkaa."

"Atarudi lini?"

"Mpaka yajae. Na huko aliko simu haishiki."

"Hakuona kitu? Ndani ya magunia?"

"Magunia hayafunguliwi mpaka yanapojazwa. Kitu gani, mama?"

Swali dogo tu. Mwanamke simjui, hanijui, tuko wawili na mihogo yake. Hata yeye sikumwambia.

"Hakuna," nikasema. "Nilidhani nimesahau kisu."

Akanipa maji ya kunywa, na maji kule si kitu cha kumpa mtu hivihivi. Nikayanywa. Nikanunua kuku wawili wembamba ili nirudi na ushahidi wa uongo wangu.

Niliporudi Korogwe mkutano ulikuwa unafungwa. Watu wanapiga picha, wanabadilishana anwani. Mjerumani akanikumbatia, akaniambia kwa Kiswahili cha kufundishwa, "Bibi, nitunzie Berlini." Angel anang'aa. Wamemwomba aende kuonyesha ramani yake kwenye mkutano wao wa mwakani, ng'ambo.

Mhina akaja anafunga vifungo vya koti.

"Napita kituoni. Wanataka maelezo yangu ya mwisho, kesho wanampeleka yule mlinzi mahakamani. Halafu nasafiri."

"Mahakamani?" nikasema.

"Hasemi. Wamemuuliza kwa kila namna, hasemi nani kapita. Hakimu atamfunga tu."

Angel akanishika bega. "Twende wote, bibi. Ukamwombee. Nairesiae yuko pale tangu asubuhi na kichanga."

Tukaenda. Nairesiae alikuwa kwenye ngazi. Aliponiona akatabasamu, na tabasamu lile nililibeba ndani kama jiwe.

Askari wa zamu alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu. Akanipa kiti. Lemayian kaletwa, kasimama, macho chini.

"Karibu, bibi," akasema askari. "Nasikia wewe ndiye unamletea chakula. Una neno?"

Sikukaa.

"Afande, mkoba niliuchukua mimi."

Mhina akapasuka kicheko, akapiga meza.

"Mtani! Hata polisi? Hata polisi unaleta utani wako!"

"Siyo utani, Mhina."

"Afande, msamehe. Huyu ni Mnyamwezi, sisi ni watani. Tangu nifike ananitishia atanikamatia kitu. Sasa kaona kijana anafungwa, huruma imemshika, anataka kumtoa kwa maneno. Bibi, una moyo wa dhahabu."

Askari naye akaanza kutabasamu. "Haya, bibi. Kama ni wewe, mkoba uko wapi?"

"Uko kwenye magunia ya mkaa. Porini. Handeni."

Wakacheka wote wawili, na askari wa chumba cha pili akachungulia naye akacheka.

"Porini wapi?"

"Sijui."

"Kwenye gunia lipi?"

"La katikati."

Hapo hata mimi niliisikia ilivyokuwa. Ilikuwa kama nawategea kitendawili. Ukweli wangu mtupu, na hakuna aliyeutaka.

"Lemayian," nikamgeukia. "Mwanangu, nakuomba. Waambie. Uliniona natoka ofisini nimeuficha chini ya khanga. Nakufungulia neno langu. Sema."

Askari akaacha kucheka. "Ehe. Wewe ulikuwa mlangoni. Ni kweli bibi huyu alipita na mkoba?"

Lemayian akainua macho. Akanitazama mimi, kisha akautazama mlango wa mahabusu, ule wa chuma, na maji yaliyokuwa yanachuruzika chini yake.

"Hapana," akasema. "Sikumwona bibi."

"Lemayian!"

"Sikumwona. Bibi alikuwa jikoni."

"Basi," akasema askari, akafunika kalamu yake. "Bibi, nenda kapumzike. Umefanya la utu uzima. Mungu amekuona."

Mhina akanishika kiwiko anitoe nje. Alikuwa bado anacheka kidogo, anafuta machozi. "Mtani, mtani. Nitakununulia jogoo kabla sijaondoka, kwa haki."

Ndipo nikaona Angel hakuwa anacheka.

Alikuwa amesimama palepale, kabana mgongo kwenye mlango wa kutokea. Ananitazama usoni kama alivyokuwa ananitazama akiwa mdogo, nikimwambia dawa si chungu. Mtoto uliyemlea humdanganyi kwa uso.

"Bibi," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Siku ile nilipokukumbatia ninalia. Ulikuwa unajua?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Mhina akaacha kufuta macho. Nje, kichanga cha Nairesiae kilianza kulia.

Angel akabanduka mlangoni. Nilidhani anakuja kwangu. Alinipita, hata khanga yangu hakuigusa, akaenda mpaka kaunta, akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao.

"Afande, naomba ufungue hiyo kalamu," akasema. "Uandike alichosema bibi yangu. Neno kwa neno. Na msicheke."

Askari akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akavuta kiti chake mbele.

"Jina?" akaniuliza.